Usnea, Ushna na Husna: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, jina la Husna linatokana na likeni iitwayo Usnea?

Hapana. Yanafanana kwa sikio tu. Husna ni neno la Kiarabu, حسنى, lenye mzizi wa ḥ-s-n, yaani uzuri na wema. Usnea ni neno la Kilatini cha wanasayansi lililochukuliwa kutoka ushna, أشنة, ambalo Waarabu na Waajemi walilitumia tangu zamani kwa likeni (kuvu na mwani wanaoishi katika mwili mmoja) zinazoota kwenye miti. Ukiyaandika kwa herufi za Kiarabu unaona mara moja kwamba hayana udugu: Husna linaanza na ح, ushna linaanza na hamza, Husna lina س, ushna lina ش. Ni nuni (ن) peke yake wanayoshirikiana.

Kinachoyakaribisha ni safari ya ushna kwenda Ulaya. Kilatini hakina herufi ya sauti "sh", kwa hiyo wafasiri wa vitabu vya tiba vya Kiarabu waliandika "s", na ushna ikawa usnea. Mswahili anaposikia "usnea" leo, sikio lake linaruka moja kwa moja kwa Husna, kwa sababu huyo ndiye anayemfahamu.

Basi Husna maana yake nini hasa?

"Iliyo bora zaidi" au "iliyo nzuri kupita zote". Ni umbo la kike la ahsan. Wengi wanalifahamu kutoka Asmaul Husna, majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, yanayotajwa katika Sura ya al-A'raf aya ya 180. Ukimwita mtoto Husna hujamwita "mzuri" tu. Umempa neno la kulinganisha, lenye ngazi ya juu kabisa.

Mzizi huo umejaa katika Kiswahili kuliko watu wanavyodhani. Hassan ni mzuri, mwema. Hussein ni Hassan katika umbo la udogo, kama kusema Kahasani. Hasna, حسناء, ni mwanamke mrembo. Husni, ambalo Wamisri hulitamka Hosni, ni lenye kuhusu uzuri. Muhsini ni mtenda mema. Halafu kuna maneno ambayo si majina: hisani, ihsani, na asante. Ndiyo, asante. Asili yake ni ahsanta, "umefanya vyema", na ndiyo maana wengine bado wanaandika ahsante. Kwa hiyo anayesema "asante Husna" ametamka mzizi mmoja mara mbili bila kujua.

Na Hasina? Nimeambiwa ni "mrembo", mwingine akaniambia ni "ngome".

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea herufi ya katikati. Kwa sin (س), Hasina ni mrembo; hivi ndivyo linavyotumika katika Kiurdu na Kibengali. Kwa sad (ص), hasina ni iliyohifadhiwa, yenye ngome, kutoka mzizi mwingine kabisa, ḥ-ṣ-n. Herufi za Kiswahili hazitofautishi sin na sad, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa hakitakusaidia. Waulize waliotoa jina, au tafuta lilivyoandikwa kwa Kiarabu.

Mzizi huo wa pili nao tunao. Husuni ni ngome, na Husuni Kubwa ni lile jumba la karne ya 14 ambalo magofu yake yako Kilwa Kisiwani. Jumba hilo linahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Yaani Hasan wa sin alijenga husuni ya sad. Msikilizaji asiyejua herufi angeapa kwamba jumba limepewa jina la mwenyewe.

Kwenye cheti cha mama yangu imeandikwa "Usna". Ni jina gani?

Kama familia ni ya mashariki ya Kongo au ya kando ya Ziwa Tanganyika, uwezekano mkubwa ni Husna lililopoteza "h". Huko Hassan huandikwa Assani na Hussein huwa Useni. Karani aliandika alichosikia. Maana haibadiliki kwa sababu ya tahajia.

Kuna Usna nyingine isiyohusiana na sisi hata kidogo, ya Ireland. Katika hadithi za kale za huko, Naoise mpenzi wa Deirdre na ndugu zake wawili huitwa wana wa Usna, au Uisneach. Ukilitafuta jina hili mtandaoni utaletewa maelezo ya Kiairishi kwanza. Usiyabandike kwa mama yako wa Uvira.

Kuna watu wanaoitwa Ushna kweli?

Wapo, hasa wanawake wa Pakistan. Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu orodha za majina ya watoto hunakiliana bila kupima. Jambo la kuangalia ni kama jina limeandikwa kwa alifu fupi au kwa madda (alama ya kurefusha "a"). Kwa madda, آشنا, ni Ashna, neno la Kiajemi lenye maana ya mtu unayemfahamu, mwandani. Kwa alifu fupi, yaani hamza yenye dhuma (alama ya "u"), أشنة, ni likeni yenyewe. Tofauti ya irabu moja inakutoa kwa rafiki na kukupeleka kwenye magome ya miti.

Kuna majina gani mengine yanayochanganywa na haya?

Asnath, au Asnati, ni la Biblia. Ni Asenathi binti Potifera, kuhani wa Oni, aliyeolewa na Yusufu (Mwanzo 41:45). Jina ni la Kimisri cha kale na kwa kawaida hufasiriwa "wa Neith", Neith akiwa mungu wa kike wa Wamisri. Halina uhusiano na Husna wala Hasna, ingawa mtaani yote matatu huweza kukatwa yakawa "Asna".

Sana, سناء, ni mng'ao. Linalofanana nalo, سنا, limo katika Sura ya an-Nur aya ya 43, kwa mng'ao wa umeme wa radi. Hili ndilo jina linalogongana na mmea kweli, kwa kuwa سنا hiyohiyo ni ile dawa ya kuharisha tuiitayo sanamaki, yaani sana ya Makka. Thana, kwa ث, ni sifa au kusifu. Kwa anayetamka "th" kama "s" yanakuwa jina moja.

Hosana ni la Kiebrania, kilio cha "tuokoe, twakuomba". Susana ni ua, yungiyungi. Usha ni la Kihindi, alfajiri. Oksana ni la Waukraine, kutoka Xenia, lenye kuhusu ukarimu kwa wageni. Haya hayahitaji maelezo zaidi. Sauti tu ndiyo iliyoyaleta hapa.

Nifuate hatua gani kuhakiki maana ya jina la namna hii?

1. Pata jina kwa maandishi ya lugha yake, si kwa herufi za Kilatini. Kitabu cha chuoni, cheti cha ndoa cha kadhi au bamba la kaburi la babu mara nyingi vinalo.
2. Tazama konsonanti, usitazame irabu. Kwa majina ya Kiarabu tafuta tatu za mzizi.
3. Pambanua jozi zinazopotea katika Kiswahili: ح na ه zote huwa "h", س na ص zote huwa "s", ع na ء mara nyingi hazionekani kabisa.
4. Fungua kamusi ya Kiarabu kwa mzizi. Ukitafuta Husna kwenye kurasa za "u" au za hamza hutaipata. Iko chini ya ḥ-s-n.
5. Tazama umbo. Fuʿlā kama Husna ni kupita zote. Faʿlāʾ kama Hasna ni sifa ya kike. Mufʿil kama Muhsin ni mtendaji.

Kosa linalofanyika zaidi ni kuruka hatua ya kwanza. Watu huanza na tahajia ya pasipoti, na pasipoti imeandikwa na mtu aliyekuwa na foleni mbele yake.

Ushna na ushnan ni kitu kimoja?

La. Hili limewakosesha hata wafasiri. Ushna, أشنة, ni likeni. Ushnan, أشنان, ni mimea ya nchi kavu yenye chumvi, ya jamii ya mchicha, ambayo majivu na majani yake yalitumika kuoshea mikono na nguo kabla ya sabuni kuenea. Ukisoma kitabu cha zamani kinachosema "osha kwa ushnan", usiende mlimani kutafuta likeni.

Tabibu wa zamani Ibn Sina aliitaja ushna miongoni mwa dawa katika kitabu chake cha tiba, Kanuni. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea ya dawa, naye anaijua kwa jina la shaybat al-ajuz. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: shaibu ni mzee wa mvi na ajuza ni bibi kizee. Waarabu waliona mvi za bibi, Waingereza wakaona ndevu za mzee, kitu ni kilekile kinachoning'inia.

Sawa. Hiyo likeni yenyewe ni nini?

Likeni si mmea, wala si ukoga, ingawa watu huita vyote ukoga. Ni kuvu inayoishi na mwani ndani ya mwili mmoja. Kuvu inajenga nyumba, mwani unapika: mwani hutumia mwanga kutengeneza sukari, na kuvu huila huku ikiukinga mwani usikauke wala kuungua na jua. Mswisi Simon Schwendener ndiye aliyetoa hoja hiyo mwaka 1867, na wataalamu wenzake wengi walimpinga kwa miaka.

Usnea ni jenasi, siyo spishi moja. Ina mamia ya spishi, nyingi za maeneo yenye ukungu. Kuvu yake ni ya familia ya Parmeliaceae na mwani wake ni wa kijani, jenasi Trebouxia. Jina la Usnea barbata limetokana na lile alilotoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, alipoiita Lichen barbatus, likeni yenye ndevu. Kwa upande wetu, walioziweka spishi za Afrika Mashariki katika mpangilio ni Swinscow wa Uingereza na Hildur Krog wa Norway, kuanzia miaka ya 1970.

Nitaikuta wapi Afrika Mashariki?

Palipo na ukungu na baridi. Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, utaanza kuiona kwa wingi ukikaribia kambi ya Mandara (mita 2,720), pale msitu mkubwa unapoachia miti ya Erica, na itakufuata ukielekea kambi ya Horombo (mita 3,720) mpaka miti ifupike na kuisha. Mlima Kenya huning'inia kwenye miti ya Hagenia. Ruwenzori ndiyo kwenyewe: matawi ya Erica yamefunikwa mpaka huoni gome.

Haina mizizi. Maji na madini yote huyapata hewani, ndiyo maana ukungu una maana kwake kuliko mvua. Ukungu ukipita, nyuzi zake huukamata na matone hudondoka chini. Msitu unanyeshewa na siku ambayo haikunyesha.

Pwani ni vigumu kuiona. Si lazima iwe kwa sababu ya moshi. Joto na urefu kutoka usawa wa bahari vinatosha kuikosesha makazi.

Nitaitambuaje bila maabara?

Kwa kuivuta. Chukua uzi mmoja mnene, uloweshe kwa maji kidogo, shika ncha mbili na uvute polepole. Gamba la nje, la kijani-manjano, litakatika vipande kama bangili, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika kama mpira. Huo uzi wa kati ndio alama ya Usnea. Hakuna uzi, si Usnea.

Watu hushindwa jaribio hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanavuta likeni kavu. Kavu hukatika yote kwa mpigo, gamba na uzi wake. Ya pili, wanachagua nyuzi za ncha, nyembamba mno. Chukua karibu na shina, pale inaposhikamana na gome.

Inayochanganywa nayo zaidi ni Ramalina: nayo ni ya kijani-manjano na huning'inia, lakini matawi yake ni bapa kama utepe na hayana uzi. Kwenye picha za Amerika utaona pia kitu cha kijivu kinachofunika miti mizima, Tillandsia usneoides. Hicho ni mmea wenye maua, ndugu wa nanasi. Jina lake linasema tu kwamba unafanana na usnea.

Na kutambua spishi?

Hapo kazi huwa ngumu, tena Usnea ni miongoni mwa jenasi zenye sifa mbaya kwa hilo. Unahitaji lenzi ya mkono ya mara 10, wembe na dawa ya kupima. Angalia: inasimama kama kichaka au inaning'inia, shina lake chini ni jeusi au la, matawi yana vinundu, vumbi la uzazi, au visahani vyenye nywele pembeni, na uzi wa kati ni mnene kiasi gani ukilinganisha na tawi zima. Pima kwa kukata tawi kwa urefu na kulitazama kwa lenzi.

Kipimo cha rangi hufanywa hivi. Kwangua gamba kwa wembe mpaka ufikie nyuzi nyeupe laini zilizo kati ya gamba na uzi. Weka tone dogo sana la potasi haidroksaidi ya asilimia 10 kwa ncha ya kijiti. Kama hukuipata, kostiki soda ya watengeneza sabuni inafaa: gramu 10 ndani ya mililita 90 za maji. Tia soda kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya soda, na vaa miwani na glavu. Subiri dakika mbili. Ikigeuka manjano kisha nyekundu kama damu, kuna asidi ya salasiniki au ndugu yake. Isipobadilika, spishi nyingi zimeondoka kwenye orodha yako.

Matokeo ya uongo huja pale tone linapowekwa juu ya gamba badala ya ndani, au tone likiwa kubwa mpaka likaeneza rangi kila mahali. Suluhu ya zamani nayo hupoteza nguvu kwa kunyonya hewa ukaa. Itengeneze upya kila baada ya miezi michache. Fanya jaribio kwenye kipande cha kutupa, usiharibu sampuli nzima.

Je, inaua miti? Mibuni yangu imejaa.

Haiui. Inatumia mti kama ngazi tu, hainyonyi utomvu. Mpangilio huwa kinyume na watu wanavyodhani: mbuni uliodhoofika hupukutisha majani, mwanga na upepo huingia, matawi yanakua polepole, na likeni inapata nafasi. Ukiona imezidi ghafla, tafuta kilichouchosha mti: uzee wa matawi, njaa ya mbolea, maji kutuama, au bungua shinani.

Tiba ni kupogoa. Ondoa matawi yaliyokufa na yaliyozeeka, rutubisha, basi. Dawa zenye shaba, za jamii ya mrututu, zinazopigwa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani huua likeni pia, ndiyo maana shamba linalopigwa dawa kila msimu huonekana safi. Lakini kupiga shaba kwa ajili ya likeni peke yake ni kutupa pesa na kuongeza shaba kwenye udongo ambako haitoki. Kukwangua magome kwa kisu ni kubaya zaidi, kwani unafungua vidonda.

Ni kweli kwamba inaonyesha usafi wa hewa?

Kweli, kwa gesi ya salfa hasa. Usnea hunyonya kila kinachopita hewani na haina njia ya kukitoa. Mwaka 1970 watafiti Hawksworth na Rose walichapisha kipimo cha Uingereza chenye kanda 0 hadi 10, na likeni za ndevu ziko upande wa juu wa hewa safi. Usikibebe kipimo hicho kama kilivyo ukakitumia Arusha au Nairobi: spishi si zilezile na hali ya hewa si ileile. Linganisha miti ya aina moja, urefu mmoja kutoka usawa wa bahari, ya karibu na barabara na ya mbali nayo. Hapo ndipo tofauti itakuwa na maana.

Inatibu? Naiona inauzwa kama dawa.

Ina asidi ya usniki, iliyopewa jina kutokana nayo, ambayo huipa ile rangi ya kijani-manjano. Maabara zimeonyesha kwamba asidi hiyo huzuia baadhi ya bakteria, hasa wa kundi la Gram chanya. Hiyo ni kweli, na hapo ndipo wauzaji wanapoishia kusimulia.

Sehemu ya pili ni ini. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vidonge vya kupunguza uzito vyenye asidi ya usniki baada ya watumiaji kuumia ini, wengine vibaya sana. Usiimeze, iwe unga, vidonge au iliyolowekwa kwenye pombe kali. Na aliyekwisha kuitumia akiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai au kichefuchefu kisichoisha, aende hospitali akiwa na chupa yenyewe mkononi. Chai yake haiaminiki pia: asidi hiyo haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo hujui kikombe kimebeba kiasi gani, na vipande vinavyoelea unavimeza.

Karne ya 17 maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza "usnea" iliyoota kwenye mafuvu ya watu walionyongwa, kwa bei kubwa. Kuuzwa si ushahidi wa kutibu.

Mbona Wahindi wanapikia likeni?

Hiyo ni nyingine, Parmotrema perlatum, bapa na ya kijivu juu, nyeusi chini. Madukani huitwa dagad phool, pathar ke phool au kalpasi, na imo katika masala ya Wamaratha na biriani za Chettinad. Kwa nusu kilo ya mchele vipande viwili vya ukubwa wa sarafu vinatosha. Viloweshe, uondoe mchanga na vijiti, vikaange kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache mpaka harufu ya udongo na moshi itoke, ndipo utie kitunguu. Ukizidisha, chungu chote kitaonja gome. Katika masoko ya Misri kuna inayoitwa sheba, kutoka lile neno la mvi. Usibadilishe hizi kwa Usnea ya mlimani.

Kuna likeni yoyote iliyozaa jina la watu kweli?

Ipo, na ni ndugu wa iliyo pwani kwetu. Roccella montagnei huota kwenye mikoko na mibuyu ya pwani, kijivu, kama utepe. Kiswahili chake ni marere, wengine husema malele. Karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Ulaya kwa ajili ya rangi ya zambarau, mpaka rangi za viwandani zilizoanza na mkemia Mwingereza Perkin mwaka 1856 zilipoiua biashara hiyo taratibu.

Karne nyingi kabla yake, familia moja ya Florence ilitajirika kwa rangi ya likeni za jenasi hii, oricello kwa Kiitalia, na kwa hiyo ikaitwa Rucellai. Hapo jina na likeni vina udugu wa damu. Rochelle, kinyume chake, ni mwamba mdogo kwa Kifaransa, na Raquel ni Raheli wa Kiebrania, kondoo jike. Hayo yamefanana na Roccella kwa sauti tu.

Rangi ya marere inatengenezwaje?

Okota iliyoanguka na matawi, usikwangue iliyo hai. Hukua polepole mno. Kwanza jaribu: tone la jiki kwenye gamba lililokwanguliwa. Likigeuka jekundu papo hapo, ina malighafi ya rangi. Jiki ikishakaa wazi muda mrefu hufa na kukudanganya kwamba likeni haifai.

Saga gramu 20 zilizokauka. Tia kwenye chupa ya nusu lita pamoja na mililita 100 za amonia ya dukani na mililita 200 za maji. Chupa isijae, kwa sababu rangi haitoki bila hewa. Tikisa mara tatu kwa siku na kufungua kifuniko kila mara, nje ya nyumba, kwa wiki 4 angalau. Ikifika 12 ni bora zaidi. Zamani walitumia mkojo uliolala mahali pa amonia.

Kioevu kikibaki kahawia baada ya mwezi, karibu kila mara ni hewa iliyokosekana. Kikifika zambarau iliyokolea, kipunguze kwa maji, tia hariri au sufu iliyolowa na upashe moto bila kuchemsha, nyuzijoto 80 hivi, kwa saa moja. Ukichemsha rangi hufifia kuwa hudhurungi. Pamba huishika vibaya. Siki huivuta kuelekea wekundu, magadi kuelekea zambarau. Na jua huifuta, kwa hiyo si rangi ya pazia la dirishani.

Naruhusiwa kuchukua Usnea mlimani?

Ndani ya hifadhi za taifa, hapana, hata uzi mmoja wa kumbukumbu. Kwa utafiti unahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia, Tanzania kuanzia COSTECH na Kenya NACOSTI, pamoja na ruhusa ya wenye hifadhi. Nje ya hifadhi, matawi yaliyoangushwa na upepo yanatosha kwa masomo.

Ukishapata, ikaushe kivulini siku mbili au tatu na uihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki huifanya iote ukungu ndani ya wiki. Iweke kwenye friza siku saba ili kuua wadudu. Juu ya bahasha andika tarehe, mahali, mita kutoka usawa wa bahari, aina ya mti na upande wa shina ulipoitoa. Andika kwa penseli. Wino huchuruzika ukilowa.